Siku Redio Aliponyamaza Mbugani

Kilichotangulia kutoka mlangoni kilikuwa kofia. Mama Chekechea aliiona ikishuka ngazi za nyumba ya mdogo wake, pana kama ungo, yenye kamba ya kufungia chini ya kidevu, akajua siku yake imekwisha kabla haijaanza. Chini ya kofia alikuwamo shemeji yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Kapteni ingawa maishani mwake hakuwahi kupanda chombo chochote chenye kuelea. Shingoni alikuwa amevaa darubini. Mama Chekechea alimkagua kutoka juu hadi chini, akamshukuru Mungu kwa sauti kwamba hakuna mzazi wa mwanafunzi wake aliyekuwa akipita.

Mwenyewe alikuwa na shule ya watoto wadogo nyuma ya soko, nyumba ya vyumba vinne iliyochorwa herufi na tembo ukutani, na basi dogo la manjano la kuwakusanya watoto asubuhi. Dereva wake wa siku zote alikuwa amestaafu, na shule ingefunguliwa Jumatatu. Tangu likizo ianze mdogo wake alikuwa akimwombea mumewe nafasi hiyo, tena akaomba na yeye mwenyewe apewe kiti cha mbele, awe msimamizi wa watoto garini. Mama Chekechea aliliona ombi hilo la ajabu: watu wawili kwa usukani mmoja, kwani wanaendesha meli? Lakini damu nzito kuliko maji, na Kapteni alikuwa ameendesha lori la kiwanda cha magodoro miaka mingi kabla ya kuacha kazi. Yeye alisema ameacha. Mama Chekechea aliwaambia wote waliotaka kusikia, na baadhi ya wasiotaka, kwamba amefukuzwa kwa majivuno.

Safari ya hifadhini lilikuwa wazo la Kapteni. Alisema shemeji akae kiti cha nyuma cha gari lake, atazame wanyama na kutazama anavyoendesha, kisha jioni atoe jibu la kazi. Mama Chekechea alikubali kwa sababu jibu alikuwa nalo tayari, na alitaka kulitoa akiwa na ushahidi.

Mbele, karibu na dereva, alikaa mdogo wake. Huyu jina lake la utani lilikuwa Redio, alilopewa na marehemu mama yao, kwa kuwa akishaanza kusema asubuhi hazimiki mpaka usingizi umchukue. Miaka miwili hii ugonjwa ulikuwa umezidi. Ndani ya gari ndiyo usiseme. Walikuwa hawajatoka hata kwenye mtaa wao, naye ameshaanza: tuta hilo, polepole baba, halafu huyo mwenye mkokoteni anataka kuvuka, mpishe, shati lake jekundu limechanika mgongoni, masikini, sasa nyooka, nyooka tu, mbele kuna lori la mchanga limesimama upande wetu. Kapteni alikuwa akiitikia "mh" na kuendesha. Mama Chekechea alikumbatia mkoba wake, akasema debe tupu haliachi kuvuma. Alimsema mdogo wake hivyo mara nyingi, usoni kabisa, na aliona huo ndio upendo wa dada.

Getini walikuta askari wa hifadhi, mwembamba, mwenye adabu, na kibao chenye makatazo matatu: usishuke garini, usilishe wanyama, usipige kelele. Aliwaeleza kwamba barabara kuu ya changarawe ndiyo wanayoipenda wageni, maana simba hulala karibu nayo. Ile nyingine, ya nyuma, ni njia ya vumbi inayozunguka uwanda wa nyasi. Ni nzuri kwa macho, alisema, ila leo hajapita mtu, na geti hufungwa jua likizama.

"Hiyo hiyo," Kapteni akasema. "Bila magari ndiyo raha yake."

Mama Chekechea alipiga yowe la moyoni. Mtu anaachaje simba akafuate vumbi? Alimwona Redio akimgeukia mumewe, akimtazama, kisha akianza tena: haya, geti limefunguka, nguzo hiyo kulia kwako, isikukwaruze.

Basi wakaingia kwenye mandhari. Mama Chekechea alikuwa amesikia sifa za mandhari hayo tangu utoto, akayatafuta kulia, akayatafuta kushoto, na pande zote mbili zilikuwa nyasi. Nyasi za njano, halafu nyasi nyingine za njano zaidi, zikiinama na upepo mpaka mbingu inapogusa ardhi. Kwao shamba likiwa hivi, mwenye nalo huitwa mvivu. Hapa limewekewa geti na askari. Wingu lilikuwa limetanda tangu alfajiri, hata kivuli cha kutazama hakikuwepo. Nyumbu walipotokea, kundi zima, aliwaona kama wanyama walioshonwa kwa mabaki ya wengine: pembe za huyu, ndevu za yule, mgongo umekosewa na fundi. Ngiri walikimbia na watoto wao, mikia imesimama. Twiga mmoja aliacha kutafuna akawatazama kwa dharau ya mkaguzi wa elimu, na huyo peke yake alimpa heshima, kwa sababu walifanana mawazo.

Kapteni naye hakukosa la kuonyesha. Kila baada ya muda alisimamisha gari, akainua darubini, akatangaza. Chui yule, amejilaza. Mama Chekechea alitazama akaona gogo. Mbele kidogo, simba dume, chini ya ule mti, tazama manyoya yake. Kilikuwa kichuguu, na juu yake nyasi zimeota.

"Shemeji, huyo simba wako amejengwa na mchwa," alimwambia.

Kapteni alicheka kicheko kifupi, akaweka gia. Redio hakucheka. Aliingia katikati haraka na maneno yake: kona inakuja, baba, inakata kulia, ina mchanga, ukitoka hapo kuna jiwe kubwa kushoto, kubwa kama kichwa cha ng'ombe, haya umelipita, sasa pananyooka. Kila alipokatisha ili anywe maji, gari lilipungua mwendo mpaka likawa linatambaa, na alipofunika chupa na kuanza tena, nalo likaongeza. Mama Chekechea aliliona hilo, akaliweka kwenye orodha yake ya makosa: dereva hana mwendo mmoja.

Kufikia mchana kichwa kilikuwa kinamuuma. Jiwe, shimo, mchanga, kona. Mtu amelipishwa kiingilio kuja kuhubiriwa mawe. Walikuwa wamefika mahali ambapo uwanda ulifunguka kabisa, tambarare kama mkeka, hakuna mti, hakuna korongo, pundamilia tu waliotawanyika wakila. Hapo uvumilivu ukamwisha.

"Mdogo wangu, kibao kimekataza kelele. Mume wako si ana macho? Hebu mwache aendeshe. Nyamaza, tusikie hata hizo nyasi."

Redio aligeuka. Alimtazama dada yake kwa muda, kisha akatazama nje upande wa kushoto, akatazama upande wa kulia, taratibu, kama mama anayechagua pa kumlaza mtoto.

"Ninyamaze, dada?"

"Nyamaza."

"Haya. Funga mkanda wako vizuri."

Akakaza na wake, akaegemea kiti, akanyamaza.

Mama Chekechea alikiri baadaye kwamba dakika zile za mwanzo zilikuwa tamu. Alisikia nyasi zikisugua ubavu wa gari. Alisikia ndege wawili wakiitana, sauti ya mchanga chini ya tairi, hata pumzi ya Kapteni, ambayo ilikuwa imeanza kwenda mbio. Kapteni alipunguza mwendo. Aliita jina la mkewe, lile la ndani, la ndoa, mara moja, kwa sauti ya chini. Redio hakuitika.

Mbele yao njia ilipinda kushoto, kona ya upole ambayo hata mwendesha baiskeli mlevi angeifuata. Gari halikupinda. Lilikwenda moja kwa moja, kwa utulivu, kama limeamua. Njia ikabaki upande, nyasi zikaingia chini ya gari zikivunjika, na mbele kabisa ya bampa alikuwa amesimama pundamilia mnene, mistari yake yote hadharani, wa aina ambayo mtoto wa miaka mitatu shuleni kwake huitambua na kuipaka rangi.

"Pundamilia!" Mama Chekechea alipiga kelele.

"Wapi?" akauliza Kapteni.

Mnyama aliruka. Kapteni alikanyaga breki, na tairi la mbele likatumbukia kwenye shimo lililochimbwa na muhanga, yule mnyama mla mchwa, gari likainama upande na kuzima. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Huu ulikuwa mshindo mdogo, wa bampa na udongo, hakuna aliyeumia, pundamilia mwenyewe alisimama hatua chache akaendelea kula. Lakini lile neno "wapi" lilikuwa limebaki ndani ya gari pamoja nao.

Kapteni alisema jua lilimpiga machoni. Mama Chekechea alifungua mdomo amwambie jua lipi, na ulimi ulikuwa umeshanolewa, ndipo alipouona mkono wa shemeji yake. Ile kofia ilikuwa imemdondoka ikalala juu ya dashibodi, mbele yake kabisa, na mkono ulikuwa unaitafuta. Ulipapasa kioo, ukashuka kwenye usukani, ukapita kando ya kofia, ukarudi bila kitu.

"Shemeji," alisema polepole, "kofia yako iko wapi?"

Redio aliichukua akamwekea magotini.

Ikabidi mambo yasemwe. Kapteni aliyasema akiwa ametazama mbele, kwenye kitu ambacho sasa wote walijua hakioni. Mwanga anauona. Pembeni anaona kidogo. Katikati ni moshi, na kila mwezi moshi unapanuka. Ndiyo maana aliacha lori la kiwanda, aliacha kwa hiari yake kabla hajaua mtu. Mtaani anaendesha kwa mazoea na kwa mdomo wa mkewe.

Huruma ilimjia Mama Chekechea, lakini hasira ilikuwa na miguu mirefu zaidi, ikafika kwanza. Aliliona basi lake la manjano na vile vichwa vidogo nyuma ya vioo.

"Ungewapakia watoto wa watu," alisema. "Ungekaa mbele yao na darubini yako shingoni, ukawapakia."

"Barabara ile naijua hata usingizini. Na yeye angekaa hapa pembeni."

"Lori uliliacha usije ukaua mtu. Watoto je, shemeji? Au hao si watu?"

Kapteni aliinamisha kichwa. Huyo mtu hakuwa mwovu, na hilo ndilo lililomkera zaidi Mama Chekechea. Mwovu angemtukana mpaka akaridhika. Huyu alikuwa ameogopa kukaa nyumbani tu, kwisha.

Simu hazikuwa na mtandao. Njia ya nyuma haikupita mtu. Sasa alielewa kwa nini ilichaguliwa. Redio hakuwahi kujifunza kuendesha, na Mama Chekechea vilevile, kwa kuwa siku zote alisema usukani ni kazi ya watu wasio na la kufikiri. Katika gari lile lenye macho manne mazima, aliyejua kuendesha ni yule asiyeona. Alimwambia Redio aanze basi, azungumze, wamrudishe huyu bwana njiani kabla geti halijafungwa.

Redio alichukua chupa, akaitikisa. Tupu.

"Koo limekauka, dada. Sema wewe."

Kushuka kulikatazwa, na nyati wawili waliosimama mbali walikuwa wakikumbusha kwa nini. Basi Mama Chekechea, mwenye shule, mwanamke wa haja, mwenye mwili wa haja pia, alilazimika kupenya katikati ya viti huku Redio akirudi nyuma, mguu mmoja kwenye gia, mkoba umenasa kwenye mkanda, makalio yamekwama mahali ambapo hapasemeki. Alipotua kiti cha mbele alikuwa amekosa pumzi na heshima. Mdharau mwiba mguu huota tende, na wake ulikuwa umeanza kuvimba.

Kulitoa gari shimoni Kapteni hakuhitaji macho. Alisikiliza tairi, akaenda nyuma, mbele, nyuma, akakata usukani kidogo, likatoka. Shida ilianza baada ya hapo.

"Nenda kule," akasema Mama Chekechea.

"Kule wapi, shemeji?"

"Pale. Si pale kwenye njia?"

Gari lilibaki palepale, likinguruma. Mama Chekechea alikuwa amefundisha watoto kusema muda wote wa utu uzima wake, na hakuwahi kugundua kwamba "kule" na "pale" ni maneno ya mtu mwenye macho kumwambia mwenye macho mwenzake. Alianza upya. Kushoto kidogo. Zaidi. Basi. Nyooka. Kuna jiwe, liko upande wangu, pita upande wako. Si hivyo, umepitiliza, rudi. Mara ya kwanza alisahau shimo, na meno yao yote yakagongana. Baada ya hapo hakusahau kitu. Alisema mchanga, akasema tuta, akasema kona, akaielezea kona jinsi ilivyokata, na kila aliponyamaza kumeza mate aliliona gari likipunguza mwendo na vidole vya Kapteni vikikaza usukani. Koo lilianza kuwasha mapema sana. Alikumbuka kwamba aliye nyuma yake amefanya hivi miaka miwili, akaacha kukumbuka ili aweze kusema.

Waliporudi kwenye sehemu iliyonyooka, Kapteni akauliza kwa sauti ya chini kuna nini pembeni.

"Nyumbu."

"Wakoje leo?"

"Wabaya. Sura ndefu kama waliopewa habari ya msiba na hawakuambiwa ni msiba wa nani."

Kapteni alicheka, safari hii kwa tumbo lote. Akauliza twiga je. Mama Chekechea akamweleza yule mkaguzi wa elimu, kope zake na kutafuna kwake. Hakuwasifia, hakujua kusifia. Lakini alimpa kila kitu kama alivyokiona, kwa ukali wake, hata vumbi, hata rangi ya nyasi, ambayo ilimbidi aikague vizuri ndipo aiseme, na akakuta si njano moja.

Askari aliwafungulia geti jua likiwa limekaribia kuzama, akawauliza wameona nini. Kapteni alimjibu haraka: nyumbu wa msibani, ngiri na ukoo wake, twiga mkaguzi. Askari alicheka akasema hajawahi kusikia mgeni aliyetazama vizuri namna hiyo. Kisha akauliza, huku akitazama udongo kwenye bampa, kama kuna tatizo.

Mama Chekechea alikuwa na jibu zuri sana la swali hilo. Liliwasha kuliko koo.

"Mgongo umembana," alisema. "Hakuna mwenzako anayeelekea mjini atuendeshee?"

Alikuwepo mmoja aliyemaliza zamu. Kapteni aliutoa ufunguo mwenyewe, akauweka kwenye kiganja cha mkewe, akaenda kukaa mbele upande wa abiria, kofia magotini.

Madada walikaa nyuma. Walikwenda mpaka taa za mji zikaanza kuonekana, na ndipo Mama Chekechea alipomsogelea mdogo wake, akamnong'oneza.

"Ulifanya makusudi."

"Nilitafuta pa kunyamazia tangu getini. Pale palikuwa tambarare." Redio alikuwa akitazama nje. "Mimi nilikuwa naomba kazi kwa mdomo, dada, na usiku nawaota wale watoto. Kumkatalia siwezi, ni mume wangu. Nikasema utaona mwenyewe."

"Si ungeniambia tu?"

"Nikuambie wewe?" Sasa aligeuka. "Nilipoharibikiwa na mimba nilikuambia wewe peke yako. Wiki ile ile muuza nyanya akanipa pole sokoni, mbele ya watu. Mama alikosea, dada. Redio ni wewe."

Mama Chekechea alifungua mkoba wake, akaufunga.

Jumatatu basi la manjano lilitoka na dereva mwingine, mtu wa mbali asiyemjua yeyote. Haikufika mchana habari ilikuwa imezunguka soko lote kwamba Kapteni kanyimwa kazi. Mama Chekechea alipofika kwenye meza ya nyanya, mwenye meza alikuwa amemsubiri, shingo mbele, macho yanameta.

"Tunasikia umemkataa shemeji yako. Kwani ana nini?"

Wanawake wa mboga na wa mkaa wakapunguza sauti zao. Lilikuwa swali la kiungwana, na jibu lake lilikuwa tamu, lina kofia, lina darubini, lina simba aliyejengwa na mchwa. Angelisimulia, soko zima lingelala chini kwa kicheko. Alilihisi limefika kwenye meno.

"Hana kitu," alisema. "Sikumtaka tu."

"Mume wa mdogo wako?"

"Ndiyo. Nipimie hizo zilizoiva."

Alipoondoka hawakusubiri hata afike kwenye kona. Walisema ana roho mbaya, walisema ndiyo maana hazungukwi na watu, walisema pole yake yule mdogo wake mwenye maneno mengi asiye na akili, kutwa kumsifia dada kama huyo. Aliyasikia yote, maana masikio yake yalikuwa mazima, naye alijua majibu ya kila moja. Aliukaza mkoba kwapani akaenda zake kufundisha.